Saa za Kula za Maua ya Kariakoo

Sadalla hakuwa mwizi. Mwizi huja watu wamelala, huvunja na kukimbia. Sadalla aliingia mchana kwa hodi na karibu, akawekewa mkeka, akamiminiwa kahawa, na alipotoka mwenye nyumba alimsindikiza mpaka barazani akimshukuru kwa kuibiwa. Kwa kazi hiyo alikuwa na kanzu moja aliyoifua kila jioni, tarbushi aliyoirithi kwa mtu ambaye hajafa bado, na miwani ya duara isiyo na vioo. Vioo, alisema mwenyewe, humzuia mtu kuona.

Asubuhi moja ya mwezi wa Shaabani, miaka ile Mwingereza alipokuwa ndiye mwenye mji, alikuwa anakata Mnazi Mmoja kutoka Uhindini kuelekea Kariakoo, tumbo likimnung'unikia. Biashara yake ya maji ya kuzuia ndoto mbaya ilikuwa imekufa juzi tu, baada ya mteja mmoja kuyanywa, akalala, na kumwota Sadalla.

Akaona kundi la wanawake wamezunguka tuta la maua ya serikali. Katikati yao alikuwa Melkiori, mtunza bustani, mtu wa bara, mpole, ameshika kopo la unga mweupe na anaunyunyiza shinani mwa maua kama mtu anayetia chumvi mchuzini. Bi Fakhriya, mke wa Ubeid muuza nyama wa Kariakoo, alikuwa mbele ya wote na buibui lake na kikapu chake. Aliuliza kile ni kitu gani. Melkiori akajibu kwamba ni chakula cha maua.

"Maua yanakula?"

"Ndivyo nilivyoambiwa, mama."

"Hula mara ngapi?"

Melkiori akajikuna kisogoni. Alisema yeye akiambiwa tia, hutia. Akiambiwa acha, huacha. Na mshahara wake haujawahi kuuliza. Wanawake wakatawanyika, kila mmoja na lile swali kichwani, maana kila mmoja alikuwa na debe la ua nyumbani kwake na hakuna aliyewahi kulipa kitu zaidi ya maji.

Sadalla alisimama palepale juani. Swali lisilo na mwenyewe ni kama nyumba isiyo na kufuli, na yeye hakuumbwa kupita mlango ulio wazi.

Kesho yake alibisha hodi kwa Bi Fakhriya. Uani kwake kulikuwa na miasumini imepangwa ukutani katika madebe ya mafuta ya taa, na miasumini ile haikuwa pambo tu. Binti yake, Azza, alikuwa aolewe mfungo mosi, mara Idi ikishapita, na Bi Fakhriya alikwisha jigamba mbele ya wakwe kwamba hatanunua hata ua moja sokoni: vikuba vya kubandikwa kifuani, vya bibi harusi na vya mashoga zake wote, na maua ya kutandazwa kitandani, yote yatachumwa uani kwake. Maneno hayo yalikuwa yamezunguka mtaa mzima na kurudi yakiwa yamenenepa.

Sadalla alishika jani moja, akaligeuza, akalitazama kama mganga anavyotazama ulimi wa mgonjwa.

"Haya yamekula nini leo, bibi?"

"Maji."

"Na jana?"

"Maji."

Alivua miwani, akaifuta pale ambapo vioo vingekuwapo, akaivaa tena. "Mtoto wa mtu akilishwa maji matupu mwaka mzima, majirani watasema nini?"

Bi Fakhriya alipoulizwa hivyo aliona haya. Ndipo Sadalla akatoa kopo lake. Alieleza kwamba maua hula mara tatu kwa siku, kama watu wenye heshima zao: asubuhi, adhuhuri na jioni, konzi moja kila mlo. Lakini dawa si kitu, alisema. Nguvu iko kwenye saa. Ukichelewa kidogo tu, dawa hugeuka takataka. Akatoa saa ya mfukoni yenye mkufu, akaifungua akiielekeza kwake mwenyewe, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaifunga. Ilikuwa kifuniko na mkufu tu. Ndani hamkuwa na kitu.

Hapo ndipo ustadi wake ulipolala. Takataka kila mtu anaweza kuuza. Sadalla aliuza saa za kula, ili ua likifa, kosa liwe la aliyechelewa.

Na dawa yenyewe? Ilikuwa samadi ya mbuzi, mbichi na kavu, aliyoizoa kila jioni katika zizi nyuma ya Gerezani, akaitwanga, akaichanganya na majivu ya jikoni, akaidondoshea marashi. Zizi lilikuwa la Ubeid. Yaani alichokinunua Bi Fakhriya asubuhi kwa fedha za mumewe kilikuwa kimetoka ndani ya mbuzi wa mumewe siku moja nyuma. Sadalla hakuona ubaya. Alikuwa anarudisha mali kwa wenyewe, tena imenukizwa.

Biashara ikashika. Kutoka Kariakoo ikavuka hadi Uhindini, kwa Lilavati, mke wa Mansukhlal muuza nguo. Katikati ya ua wa Lilavati palikuwa na mtulasi, mrehani wa ibada wa Wahindu, kwenye kizimba chake cha chokaa, na kila asubuhi, akishaoga na kabla hajatia kitu mdomoni, aliumwagia maji na kuuombea. Alimsikiliza Sadalla mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: ndani ya kopo mna nyama, mfupa au samaki? Nyumbani mwake hakikuingia kitu kilichokuwa na roho.

Sadalla akaapa kwamba dawa yake haijakaribiwa na mnyama yeyote.

"Hata ng'ombe?" aliuliza Lilavati, na uso wake ukaonyesha kwamba amesikitika.

Kiapo kikageuka kikiwa bado mdomoni. "Ng'ombe mtupu, bibi. Nilidhani utachukia."

Lilavati akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kitu cha ng'ombe ni safi, alisema, hata mama yake alikitumia. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha ya Sadalla kukiri kwamba anauza mavi, na bado alidanganya: alitaja mnyama mwingine.

Mwezi ukaandama, na siku ya mwanzo ya mfungo Bi Fakhriya akamtumia mtu aje upesi. Sadalla alimkuta amesimama uani, konzi ya dawa mkononi, adhuhuri inakaribia, uso umemkunjamana.

"Bwana Sadalla, nyumba nzima hii inafunga, mpaka Azza mwenyewe. Haya maua yatakula mchana mbele yetu?"

Mtu mkweli angecheka. Sadalla alifumba macho, akatikisika kidogo kama mtu anayesoma kitabu kilicho mbali, akasema kwamba maua ya nyumba ya Kiislamu hula futari na daku. Na kwa kuwa daku ndiyo inayomshikilia mfungaji mchana kutwa, basi konzi za daku ziwe mbilimbili.

Ikawa ndiyo sheria ya mtaa. Mwezi ule wapiga ngoma ya daku walipopita, wanawake wa Kariakoo waliamka, wakapasha chakula moto, kisha wakatoka uani na makopo yao kulisha miasumini na mirehani. Mzee mmoja alilalamika msikitini kwamba nyumbani kwake mwaridi unapakuliwa kabla yake.

Sasa, ng'ambo ya nyumba ya Bi Fakhriya aliishi mjane aliyeitwa Bi Hamdiya. Alikaa barazani kwake na tasbihi, mtu wa maneno machache, na macho yake hayakuwa na haraka. Tangu siku ya kwanza alinunua kopo la Sadalla bila kuomba apunguziwe, na kila Sadalla alipopita alinunua jingine. Alipohadithiwa kwamba maua yanafunga Ramadhani, alisema, "Hivyo?" na akasogeza punje moja ya tasbihi.

Mfungo ulipofika katikati, majani yalianza kuwa manjano pembeni, kisha yakaungua kama karatasi iliyokaribia moto. Vitumba vikadondoka. Bi Fakhriya alimwita Sadalla, na Sadalla hakutetereka.

"Bibi, nani asiyedhoofu kwa saumu? Mtazame mumeo."

Wote wakamgeukia Ubeid, aliyekuwa anapita na ndoo. Kweli alikuwa amedhoofu. Hoja ikapita.

Kwa Lilavati ilikuwa ngumu zaidi, maana mtulasi nao ulinyauka na nyumbani mwake hakuna aliyefunga Ramadhani. Sadalla alimweleza kwamba mimea ya mji mmoja huishi kijirani. Mansukhlal akasema kutoka nyuma ya vitambaa vyake kwamba hajapata kuona jirani akiugua njaa ya jirani, lakini mkewe alimtazama, akarudi kupima nguo.

Ubeid, yeye, hakupima nguo. Siku moja alimwita Sadalla sokoni, kwenye meza yake ya nyama. Alikuwa ananoa kisu, polepole, na hakuinua macho.

"Kijana, mke wangu ameahidi watu vikuba."

"Naam, Bwana Ubeid."

"Mimi sijui maua. Mimi najua kukata. Siku ya harusi nikikosa asumini, kikuba nitakitunga kwa masikio yako. Mawili ni machache, lakini bibi harusi wetu ana kifua chembamba." Akajaribu makali kwa kidole gumba. "Saumu njema."

Sadalla aliondoka ameshika masikio yake yote mawili. Wazo la kwanza lilikuwa kukimbia. Lakini huko Feri Ubeid alikuwa na shemeji, stesheni ya reli alikuwa na binamu, na njia ya bara ilipita mlangoni kwa ami yake. Ukoo ule ulikuwa umetanda mjini kama wavu. Akaketi kwenye kizingiti cha duka lililofungwa mtaani kwa Bi Fakhriya, kwa mara ya kwanza akijiuliza kwa dhati lile swali alilokuwa akiwauzia wenzake: hivi haya maua hula mara ngapi?

Alipoinua macho, akaona kitu. Barazani kwa Bi Hamdiya miasumini ilikuwa kijani kibichi, imejaa vitumba kama punje za mchele. Na Bi Hamdiya alinunua makopo kuliko mtu yeyote. Kwa kitambo kidogo Sadalla alikaribia kuamini dawa yake mwenyewe, na huo ndio ugonjwa unaowamaliza wajanja wote.

Akavuka njia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hilo ni ganda la karanga mdomoni?"

Sadalla akajifuta haraka.

"Halikuwapo," alisema Bi Hamdiya. "Nilitaka kujua tu kama tuna kobe mtaani."

Maana kobe ndiye alaye kwa kujificha mwezi wa Ramadhani, na Sadalla alikuwa kobe wa siku nyingi. Alitaka kueleza habari ya tumbo na maagizo ya daktari, lakini yale macho hayakuwa na haraka, akaona heri aende kwenye shida yake. Akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, yeye bibi huyalisha yale maua mara ngapi.

"Wewe ndiye fundi. Waniuliza mimi?"

"Kulinganisha tu, bibi."

Bi Hamdiya akainuka, akamwongoza ndani hadi chini ya ngazi, akafunua gunia. Makopo yote aliyowahi kumuuzia yalikuwa yamemiminwa humo, hata konzi moja haijapungua. Sadalla akaitazama samadi yake, nayo ikamtazama.

"Basi yanakula nini?"

"Swali hilo umeliuza mtaa mzima. Kwa nini mimi nilitoe bure?"

Akamweleza bei yake, na haikuwa fedha. Alikuwa na shamba Magomeni aliloachiwa na marehemu mumewe, ardhi yake imechoka, na masika haiko mbali. Alitaka samadi, magunia mpaka atakaposema inatosha. Gunia likifika shambani, atampa neno moja.

Sadalla akauliza kwa unyonge kama yeye mtu wa mjini ataipata wapi samadi.

"Unakoizoa kila jioni. Kwenye zizi la Ubeid."

Tasbihi ikasonga.

"Ubeid anajua?" aliuliza Sadalla, na sauti ilitokea puani.

"Hajaniuliza. Na mwezi huu mimi nikiulizwa siwezi kusema uongo." Kisha akamtazama sawasawa, na kwa mara ya kwanza Sadalla akaona kwamba amekasirika. "Ungewaambia yanakula mara mia kwa siku, ningecheka, nikakuacha. Lakini umeichukua saumu ukaitia ndani ya kopo la mavi. Hiyo utaibeba."

Akaibeba. Alikodi mkokoteni kwa fedha za biashara yake, akajaza magunia zizini, akavuka bonde la Msimbazi na jua la kaskazi limemkalia utosini. Tarbushi aliiacha siku ya kwanza. Miwani ilijaa jasho na, kwa kuwa haina vioo, jasho likapita moja kwa moja. Bi Hamdiya alikuwa amekwisha fika shambani kabla yake, ameketi kibandani na tasbihi, na mtungi wa maji wa wafanyakazi aliufunika kawa, akaweka mkono juu yake. Sadalla akafunga. Tangu utoto wake hakuwahi kufunga kutwa, na siku ile alifunga kwa kumcha Bi Hamdiya. Kama ilihesabiwa ama haikuhesabiwa, Mwenyewe ndiye ajuaye.

Gunia la kwanza liliposhuka, alisimama kungoja siri.

"Zibua matundu chini ya madebe," alisema Bi Hamdiya. "Dawa yako imeyaziba."

"Hilo tu?"

"Gunia moja, neno moja."

Akarudi mjini, akazibua madebe ya Bi Fakhriya, akimweleza kwamba maua yaliyoshiba hulegezewa mkanda. Gunia la pili lilileta neno la pili: atoe samadi yote iliyo juu, kisha amwagie maji mengi mpaka yatoke chini meupe. Ile aliyoitoa aliifunga guniani na kuipeleka Magomeni vilevile, ikawa amevuka Msimbazi na mzigo aliokwisha kuuuza mara moja. Alipokuwa anaosha mizizi, mdomo wake wa zamani ulianza kumwambia Bi Fakhriya kwamba maua yanatawadha. Akayakumbuka yale macho ng'ambo ya njia, akasema yanaoga.

Gunia jingine: akate matawi yaliyoungua. Jingine: ayasogeze madebe kivulini mchana. Yote aliyafanya, kwa Bi Fakhriya na kwa Lilavati, na mabega yake yakawa na rangi ya dagaa wa kukaanga. Shamba la Bi Hamdiya likawa jeusi mwisho hadi mwisho, na zizi la Ubeid likaonekana sakafu, jambo ambalo hata mbuzi wenyewe walilishangaa.

Idi ilipokaribia, Bi Hamdiya akasema inatosha. Sadalla akashusha gunia la mwisho, akasimama akihema, masikio yakimwasha kwa hofu, maana majani mapya yalikuwa yameanza lakini ua hata moja hakuna.

"Sasa, bibi. Neno kubwa. Nifanye nini ili yachanue?"

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi. Usifanye kitu."

Sadalla akaketi chini palepale, juu ya samadi. "Bibi, nimehamisha zizi zima, kutoka Gerezani mpaka huku, kuja kuambiwa nisifanye kitu?"

"Ungeweza kutofanya kitu, mwanangu, usingelihamisha."

Kisha, kwa kuwa amelipwa, alimpa hesabu yake kamili. Jua kali kama hili ua halikui, linavumilia, na mtu mwenye homa hashindiliwi pilau. Mvua zikianza, debe moja litosheke na konzi moja ya samadi iliyokaa ikaoza hadi haina harufu. Mwezi ukipita, ulitazame: likiwa linakua, liongeze konzi, limesimama, liache. Kipupwe kikiingia, liache kabisa. Lililo ndani ya nyumba lisiloona jua, hilo lipe nusu ya hiyo na mara chache zaidi, maana asiyefanya kazi hali sana. Na usilipe kitu lingali na kiu, maji kwanza.

Ilikuwa ni kweli tupu, na Sadalla aliibeba mpaka kwa Bi Fakhriya kama mtu aliyebeba yai. Akamwambia ayaache maua, asiyalishe chochote mpaka harusi.

Bi Fakhriya akawaka. Alisema watu hawafi njaa nyumbani kwake, wala maua. Idi inaingia, kila kiumbe kitakula, na yeye aje ayafungishe yake wiki za harusi? Akamwita Azza alete kopo la zamani lililobaki kabatini. Atayapa konzi nne nne, kufidia mchana wote yaliofunga. Sadalla akaona konzi ile ikielekea kwenye debe, na kisu cha Ubeid kikielekea sikioni. Maisha yake yote alisema uongo akashukuriwa. Amesema ukweli mara moja, unamkata masikio.

"Subiri, bibi," akasema, na sauti yake ya asali ikamrudia. "Nilikuwa nakupima. Wengi hawawezi dawa ya mwisho."

Alitoka, akaokota kopo tupu nyuma ya soko, akaliosha, akalifunika kitambaa na kukiziba kwa nta pande zote. Akarudi nalo amelibeba kwa mikono miwili, anatembea kama aliyebeba mtoto aliyelala. Dawa iko humu, alieleza. Ni nyepesi, ukifungua, inaruka. Liwekwe katikati ya madebe, na tangu saa hiyo ua lisiguswe na chakula kingine chochote, maana vikikutana vitagombana na atakayeumia ni asumini. Maji tu, asubuhi.

Bi Fakhriya alilipokea kopo lile kwa khanga. Alilipa zaidi ya alivyolipia yote yaliyotangulia, na Sadalla alipokea bila aibu, maana katika biashara yake yote hiyo ndiyo bidhaa pekee iliyokuwa haina dhara. Kesho yake akampelekea Lilavati lake.

Na maua yakafanya kama maua yafanyavyo yakiachwa. Mfungo mosi, siku ya harusi, ua wa Bi Fakhriya ulikuwa mweupe tangu alfajiri, harufu inawakuta wageni njiani. Mashoga wa Azza walikaa wakitunga vikuba, wakwe walihesabu wakakosa pa kulalamikia, na Ubeid alimpakulia Sadalla sinia la pilau kwa mkono wake mwenyewe, akamvuta sikio kidogo, kwa mapenzi.

Sadalla alikula kama aliyefunga. Na hakuwa amekaa bure: kwa kuona upepo unakoelekea, alikuwa ameokota kila kopo tupu lililoko Kariakoo, akayaosha, akayafunika, akayaziba nta, chumba chake kimejaa hadi darini. Wanawake walikuwa wanamnong'oneza kutoka dirishani, kila mmoja anataka la kwake. Hesabu ilikuwa inacheza kichwani mwake, wala hakuna mbuzi atakayehusika.

Hapo mama mkwe wa Azza akaomba aione hiyo dawa yenyewe. Bi Fakhriya, kwa raha, alilileta kopo katikati ya wageni, na kabla hajasema lisifunguliwe, mama mkwe alikwisha kukivuta kitambaa.

Wakachungulia. Wakanusa. Wakaligeuza juu chini.

"Imeruka," alisema Bi Fakhriya, lakini hakuwa na hakika.

Lilavati alikuwa amekuja kumpongeza, ameketi karibu na mlango. Akasema kwa upole kwamba lake yeye alilifungua siku ileile lilipoletwa, hakuona kitu ndani, akafikiri sana. Akaona kwamba tangu lije kopo lisilo na kitu, mtulasi haupewi kitu, na usipopewa kitu unapona. "Basi nikasema, kopo tupu hata mimi ninalo. Jikoni yapo mengi."

Kicheko kilianza kwa mama mkwe, kikapita dirishani, kikawafikia wanaume. Na chumba kile cha makopo, ndani ya kicheko kimoja, kikarudi kuwa jalala. Sadalla akaweka tonge chini. Aliona Ubeid amesimama, anauliza kwa sauti yake ya chini yale makopo ya mwanzo, basi, yalikuwa na nini. Na aliona Bi Hamdiya kwenye kizingiti cha mlango wa pili, tasbihi mkononi, anafungua mdomo kujibu. Heri alitamke mwenyewe. Akaanguka magotini, akakiri yote: samadi, majivu, marashi, zizi la Gerezani kila jioni, na magunia mpaka Magomeni.

Ubeid alimsikiliza hadi mwisho.

"Ya zizini najua," akasema. "Bi Hamdiya aliniomba samadi ile kabla mwezi haujaandama. Nikamwambia ni yake yote, halali yake, akipata punguani wa kumbebea. Mimi nilikuwa nalipa mtu akaitupe."

Sadalla akamgeukia mjane taratibu. "Bibi, uliniambia hajui."

"Nilikwambia hajaniuliza."

Ndivyo ilivyokuwa, na hapakuwa na pa kulishika neno lile. Masikio yake aliachiwa, kwa heshima ya bibi harusi. Kilichokuwa mfukoni kilirudi kwa wenyewe, na tarbushi ikachukuliwa na mtu aliyefika harusini akaitambua. Akasema hakujua kwamba amekufa.

Mvua za masika zilipoanza, samadi ya Magomeni ilikuwa imeoza vizuri, haina harufu. Mchicha wa Bi Hamdiya ulipanda hadi magotini, na iliyobaki aliiuza mtaani, konzi moja kwa debe moja, na aliyetaka ya pili aliambiwa arudi mwezi ujao. Aliyevuta mkokoteni alikuwa kijana mwembamba asiye na miwani, aliyekatazwa kazi yoyote yenye kopo.

Siku moja Bi Fakhriya alisimama barazani akimtazama anavyoshusha mzigo kwenye mvua. Akainama kwa Bi Hamdiya, akauliza kwa sauti ya chini, kama watu wanavyouliza habari za mgonjwa:

"Na huyu, bibi, unamlisha mara ngapi?"

Bi Hamdiya akasogeza punje moja.

"Kidogo kidogo. Ukimzidishia, huota majani tu."